Mzee Akichanganyikiwa Baada ya Upasuaji, Aulizwe Anayemjua

Jambo tunalotaka kuzungumza nanyi mwezi huu hutokea mara kwa mara katika wodi za upasuaji, nalo mara nyingi hupita bila kupewa jina lake. Mzee hufanyiwa upasuaji wa ngiri, wa tezi dume, au wa nyonga iliyovunjika alipoteleza uani. Huamka salama, huwasalimu wanawe, huomba uji. Usiku wa pili mambo hubadilika. Huvuta mpira wa mkojo, hutaka kuteremka kitandani akawafungulie ng'ombe, humwita kwa jina ndugu yake aliyefariki zamani. Asubuhi huwa ametulia, na jioni huanza tena.

Hapo ndipo ukoo hukusanyika chini ya mwembe nje ya wodi. Mmoja husema mzee amelogwa. Wa pili husema dawa ya usingizi imemharibu ubongo. Wa tatu husema ni uzee tu, akili zimekwisha. Wa nne huja kwetu kuomba ruhusa waondoke naye, kidonda kikiwa bado kibichi, wampeleke kwa mganga.

Sisi wauguzi tunasema hivi: wote wanne wamekosa jibu, lakini wote wanne wanajua jambo ambalo sisi hatulijui. Wanajua mzee huyu alivyokuwa juzi. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu, nacho mara nyingi kinatupwa bure: hospitali haiwaulizi, na wao hawasemi.

UGONJWA GANI HUU?

Madaktari huuita deliriamu. Kiswahili chetu kina neno la siku nyingi, kuweweseka, ingawa neno hilo halitoshi, kwa sababu si kila mgonjwa wa namna hii husema ovyo. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakotokana na mwili kuelemewa. Ubongo ni kiungo kama figo au moyo. Mzee akipatwa na homa, maumivu, upungufu wa maji au wa damu, ubongo wake huweza kushindwa kazi kwa muda, kama vile figo zinavyoweza kushindwa.

Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni huja polepole kwa miezi na miaka. Huu wa ghafla huja kwa saa au siku, na hali yake hupanda na kushuka: mchana nafuu, usiku taabu. Baada ya upasuaji huonekana zaidi katika siku 3 za kwanza. Aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa kusahau hupatwa na huu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Wala si wazee peke yao, ingawa wao ndio huelemewa upesi. Wenyeji wa Tabora wanaifahamu habari ya Henry Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Hapa alishikwa na homa kali, akaweweseka na kupoteza hesabu ya siku. Alikuwa mtu wa miaka 30 hivi, msomi, mwenye daftari la kuandikia kila siku, na bado hadi leo wanahistoria wanabishana ni tarehe gani hasa alikutana na Livingstone kule Ujiji. Basi mzee wa miaka 75 aliyetoka chumba cha upasuaji jana asipojua leo ni siku gani, asichekwe wala asiitwe mwehu.

MTULIVU NDIYE WA KUHOFIWA

Watu wengi humwona mgonjwa wa aina moja tu, yule anayepiga kelele na kung'oa dripu. Huyo hasahauliki, wodi nzima inamjua. Lakini kuna wa aina ya pili, ambaye hulala kimya, hajibu au hujibu kwa neno moja, chakula hakimvutii, macho yako wazi lakini hayakufuati. Ndugu husema, "Baba anapumzika." Muuguzi mwenye wagonjwa wengi zamu ya usiku humshukuru Mungu kwamba kitanda kile hakina matatizo. Huyu ni mgonjwa sawa na yule wa kelele, tena hali yake mara nyingi ni mbaya zaidi, maana hakuna anayemshughulikia. Nimonia inaweza kuwa inaanza, mkojo umeziba, au mwili umekauka maji. Wengine huwa na sura zote mbili, kelele usiku na ububu mchana.

Hapa ndipo ndugu anapokuwa na thamani kuliko kifaa chochote. Sisi tunaona mzee mpole. Binti yake anajua kwamba baba yake hajawahi kuwa mpole siku moja katika maisha yake.

VIPIMO VYA VITABUNI NA WAZEE WETU

Duniani kuna vipimo vizuri. Mwaka 1990 Daktari Sharon Inouye na wenzake wa Marekani walitoa kipimo chenye mambo manne: hali imeanza ghafla na inapanda na kushuka, mgonjwa hawezi kukaza mawazo kwenye jambo moja, maneno yake hayana mpangilio, na uamkaji wake si wa kawaida, ama ana usingizi mno ama amehamaki mno. Yakiwapo mawili ya kwanza pamoja na mojawapo ya mawili ya mwisho, deliriamu hushukiwa sana.

Kipimo kingine kifupi, kiitwacho 4AT, kilitoka Edinburgh, Uskochi. Muuguzi huangalia kama mgonjwa yuko macho sawasawa. Humwuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu. Humwambia ataje miezi ya mwaka kinyumenyume kuanzia Desemba. Mwisho huuliza kama kuna mabadiliko ya ghafla. Alama 4 au zaidi ni dalili ya deliriamu.

Sasa mchukue mzee wa Usoke au wa Puge ambaye hakupelekwa shule. Tarehe ya kuzaliwa haijui, na hakuijua hata alipokuwa na nguvu zake. Mwaka wake anaupima kwa masika, kwa mavuno, kwa soko la tumbaku. Jirani yake Mwislamu anahesabu Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Wengi husema "mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja," na kwao swali la miezi limekuwa hesabu tu ya kurudi nyuma. Mzee wa namna hii, mwenye akili timamu kabisa, anaweza kujikusanyia alama 3 na kuandikwa kwamba ana shaka ya ugonjwa wa kusahau.

Lakini tazameni jambo zuri lililomo katika kipimo hichohicho. Swali la mwisho, la mabadiliko ya ghafla, lina alama 4 peke yake. Anayelijibu vizuri ni mtu anayemfahamu mzee. Yaani neno la mke wake kwamba "hivi sivyo alivyo, imeanza juzi, na jana iliendelea" linatosha kuamsha daktari. Kipimo cha wasomi wa Edinburgh chenyewe kimempa mama huyo wa Puge, ambaye pengine hajui kusoma, uzito mkubwa kuliko maswali ya kalenda.

Hata hapa Tanzania wataalamu wameliona tatizo la elimu. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, walitengeneza kipimo cha akili kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma. Mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na hupanga njiti za kiberiti kwa kuiga mfano. Hakuna kalamu wala karatasi mkononi mwake. Tungependa kuona vipimo vya namna hii vikifundishwa katika vyuo vyote vya uuguzi.

Kwa kupima ukazaji wa mawazo, mzee aweza kuambiwa ataje siku za wiki kinyumenyume kuanzia Jumapili, au ahesabu toka 20 kurudi hadi 1. Asiyeweza kusema aweza kuombwa abane mkono wa muuguzi kila anaposikia sauti fulani. Na mfanyakazi mstaafu wa reli akiulizwa vituo vya kurudi kutoka Kigoma, yaani Uvinza, Kaliua, Urambo, Usoke hadi Tabora, mazungumzo hayo humchangamsha na kutuonyesha kama anaweza kushika uzi, ingawa hayo si kipimo cha kitabuni.

Tusidanganyike na kumbukumbu za zamani. Mzee aweza kusimulia vizuri sana sherehe za Uhuru wa 1961, au Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Tabora Septemba 1990, na wakati huohuo asijue kwamba amepasuliwa jana. Mambo ya kale hudumu. Kinachoyumba ni umakini wa sasa hivi.

LUGHA YA NJIA YA MISAFARA

Sisi wa Tabora tuna jambo letu la pekee. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walifika hapa, wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Baadaye reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Watu walikuja, wakaoa, wakazaa. Katika wodi moja waweza kumkuta Mnyamwezi, Msukuma, Muha, mjukuu wa Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mzee wa Ulyankulu aliyekuja na wakimbizi wa Burundi mwaka 1972. Wote husema Kiswahili wakiwa wazima.

Mzee akichanganyikiwa, mara nyingi hurudia lugha aliyonyonya kwa mama yake. Muuguzi aliyezaliwa Mbeya au Kilimanjaro husikia maneno asiyoyaelewa, akaandika kwenye faili, "Anaongea yasiyoeleweka." Yasiyoeleweka na nani? Pengine mzee anasema kwa Kinyamwezi safi kabisa kwamba kibofu kinamuuma na hajakojoa tangu jana. Au kinyume chake, sauti yake ni tulivu na ya heshima, muuguzi anadhani anasali, kumbe anazungumza na watu wasiokuwapo. Hakuna kipimo cha mpangilio wa maneno kwa mtu asiyejua lugha. Ndugu wa mgonjwa ndiye mkalimani, na "Mwangaluka" moja iliyosemwa na mjukuu asubuhi yaweza kutuambia mengi: je, mzee ameitikia, na ameitikia kwa akili yake?

MANENO YA ANAYEWEWESEKA SI USHAHIDI

Tunaomba jambo hili lisomwe kwa sauti katika kila nyumba. Mgonjwa wa deliriamu huweza kuona visivyokuwapo na kuamini kwamba anadhuriwa. Aweza kusema mkwe wake amemtilia sumu kwenye uji, au kwamba bibi fulani wa jirani amesimama mguuni pa kitanda. Bibi naye akiwa mgonjwa aweza kukiri mambo ambayo hajayatenda kamwe.

Sote tunajua mikoa yetu ya magharibi ilivyoumia. Vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Jina lililotajwa na mgonjwa usiku wa pili baada ya upasuaji lisitoke nje ya wodi. Anayelichukua na kulipeleka kijijini anaweza kumuua mtu. Mzee akipona, mara nyingi hakumbuki alichosema, au hukumbuka kama ndoto mbaya na kuona haya.

CHANZO KITAFUTWE

Kuweweseka ni kengele. Kengele ikilia, hatuizimi tu, tunatafuta moto uko wapi. Daktari na muuguzi wataangalia joto, mapigo ya moyo, oksijeni, sukari na damu, watapima malaria, watatazama kidonda, mapafu na mkojo, watauliza kama amepata choo. Maumivu yasiyotulizwa huchanganya akili, na dawa nazo huweza kuichanganya. Dawa za kutuliza kama diazepamu, na dawa za mzio zinazoleta usingizi kama promethazini, mara nyingi humzidishia mzee hali hii. Kwa hiyo ndugu wasishangae muuguzi akikataa "kumchoma sindano alale."

Ipo hali moja ya pekee. Mtu aliyezoea pombe kila siku akiiacha ghafla, siku ya pili au ya tatu huweza kutetemeka, kutoka jasho na kuona vitu, na hali hiyo ni ya hatari na ina matibabu yake. Hivyo mkiulizwa kuhusu wanzuki au gongo, semeni kweli. Hatuulizi ili tumhukumu mzee wenu. Semeni pia dawa zote alizokunywa nyumbani, za dukani na za mitishamba.

Wengine hudhani sindano ya ganzi ya mgongoni humkinga mzee. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa nyonga uliofanywa Marekani na Kanada, na kutolewa mwaka 2021, haukuona tofauti kubwa ya deliriamu kati ya waliochomwa mgongoni na waliolazwa usingizi kabisa. Kinachosaidia zaidi ni uangalizi wa kitandani. Mwaka 1999 Daktari Inouye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi katika wodi za kawaida za hospitali ya New Haven, Marekani. Waliohudumiwa kwa desturi waliopatwa na deliriamu walikuwa 15 kati ya kila 100. Waliosaidiwa kukumbushwa mahali na siku, kulala usiku bila dawa, kutembea mapema, kunywa maji, na kupewa miwani na vifaa vya kusikilizia, walikuwa karibu 10. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mashine ya mamilioni.

TUNAYOZIOMBA FAMILIA

1. Kabla ya upasuaji, mwambieni muuguzi mzee wenu yukoje siku zote: anasahau au hasahau, anasikia vizuri, anatumia lugha gani nyumbani.

2. Mletee miwani yake, meno yake ya bandia, fimbo yake, na shuka lake la nyumbani.

3. Akae naye mtu mmoja anayemfahamu, si umati wa watu wanaobishana. Amwambie kwa upole: "Babu, uko hospitali, umepasuliwa, leo ni Jumanne, mimi ni mjukuu wako." Asimcheke wala asibishane naye.

4. Mpeni maji na uji mara tu muuguzi akiruhusu, wala si kabla. Msaidieni kukaa na kutembea akiruhusiwa.

5. Asifungwe kamba kitandani. Kumfunga humwongezea hofu na kumjeruhi.

6. Mkiona amebadilika, hata kwa utulivu, msingoje asubuhi. Mfuateni muuguzi wa zamu mkamwambie: "Hivi sivyo alivyo."

7. Msimwondoe hospitali. Kumwombea na kumwita padre kwa Mpako wa Wagonjwa ni haki yake, na hayo yote hufanyika palepale kitandani.

Wengi hupona kwa siku au wiki chache, wengine huchukua miezi. Baadhi hawarudi kabisa kuwa kama zamani, na wengine hupoteza maisha, hasa chanzo kisipotafutwa mapema. Ndiyo maana tunalia na jambo hili.

TUNAYOZIOMBA HOSPITALI

Iko desturi katika wodi nyingi ya kugonga kengele na kuwatoa ndugu wote saa za kutazama wagonjwa zikiisha. Tunaelewa sababu zake: msongamano, kelele, hatari ya kuambukizana, na vitu kuibwa. Lakini kwa mgonjwa wa miaka 60 na zaidi aliyepasuliwa, kumtoa ndugu usiku ni kumtoa shahidi saa ileile tukio linapotokea. Apewe kadi mtu mmoja, anawe mikono, akae kimya kando ya kitanda, na apokewe na mwenzake asubuhi. Wenye mamlaka wakiona hilo linawashinda kwa wodi nzima, waanze na siku 3 za kwanza.

Na katika kila zamu, pale tunapoandika joto na mapigo ya moyo, pawe na mstari mmoja zaidi: "Ndugu ameulizwa. Je, mgonjwa ni yuleyule wa jana?" Swali hilo halina gharama, halihitaji umeme, na linaweza kuulizwa Kitete mjini kama vile Ndala, Nkinga au Sikonge.

Wapenzi wasomaji, wazee hawa ndio waliotubeba mgongoni tulipokuwa na degedege, wakakesha wakitutazama kama tunapumua. Walijua tumebadilika kabla daktari yeyote hajatugusa. Sasa ni zamu yetu kukesha kando yao na kusema tunachokiona. Tukutane mwezi ujao.